Nyama Isiyodhuru Mtu

Kanali Rysbek alicheka mpaka akakohoa, akanywa maji, kisha akaanza kucheka upya.

"Hebu rudia," alisema huku akijifuta macho. "Polepole, nikamsimulie mke wangu. Yule kijana kauawa na nini?"

"Nyama ya farasi, afande," alijibu Kapteni Akmaral Dosova. Alikuwa amesimama mbele ya meza, kofia mkononi, wala hakutabasamu. "Mwili wake ulikuwa unaikataa. Ni mzio. Ulimi ulivimba, koo likafunga, pumzi ikakosa njia."

"Mkazaki?"

"Ndiyo, Mkazaki."

"Akmaral, dada yangu, tusidanganyane. Mimi nilipoota meno, mama alinipa kipande cha mafuta ya farasi ninyonye. Na wewe ulinyonya, usinikatalie. Mwanangu wa mwisho alipotokwa na vipele, daktari wa watoto, msomi wa kuvaa miwani, alituambia tuache ng'ombe, tuache kuku, tumpe farasi, maana hiyo ndiyo nyama isiyodhuru mtu. Leo niende kwa mwendesha mashtaka nimwambie nina Mkazaki aliyeuawa na farasi, tena farasi mwenyewe yuko chunguni? Watatucheka hata Wakirgizi."

Alivuta jalada karibu, akaligonga kwa kidole.

"Mimi nina sindano. Nina alama za vidole juu ya sindano. Nina mwanamke aliyekutwa kapiga magoti kando ya maiti na hiyo sindano mkononi. Tena yeye na marehemu walisoma darasa moja, na mji mzima unalijua hilo. Jioni napeleka jalada. Wewe na mzio wako mna muda mpaka hapo."

"Mwanamke huyo ana mtoto anayenyonya. Mtoto analia nyumbani kwa bibi yake. Naomba aletwe."

"Hapa ni polisi, si kliniki."

Akmaral aliivaa kofia yake na kutoka. Mlango aliufunga taratibu, maana angeufunga anavyotaka ungebaki mkononi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Juzi, nyumbani kwa Kabdesh, fundi wa magari wa pale Sarybastau, kulikuwa na karamu ya chinjo la majira ya baridi. Farasi wa mwaka alikuwa amechinjwa, na jamaa wakaitwa kuonja. Miongoni mwa wageni alikuwamo Yelaman, mwalimu kijana, mchumba wa binti wa Kabdesh. Karamu ilipokaribia kwisha, Yelaman aliinuka, akakalishwa, akaanguka, na gari la wagonjwa lilipofika lilimkuta ameshakata roho. Aliyekutwa juu yake na sindano alikuwa Marzhan, mke wa Talgat, yaani mkwe wa Kabdesh. Ndiye aliyepika. Ndiye aliyewekwa ndani.

Kwenye chumba cha mahabusu Marzhan alikuwa amejifunika shali kifuani. Shali ilikuwa imelowa. Sahani ya uji wa ngano ilikuwa pembeni yake, haijaguswa.

"Kula kidogo, mdogo wangu," alisema Akmaral.

"Nikila maziwa yanaongezeka, dada. Yataenda wapi?"

Akmaral alivuta kiti.

"Nieleze tena kuhusu sufuria."

"Zilikuwa mbili. Kubwa ya farasi, ndogo ya ng'ombe. Yelaman alikuja asubuhi mapema akapitia mlango wa jikoni kama mwizi. Aliona aibu, masikini. Akaniambia, 'Marzhan, nipikie ng'ombe peke yake, usitumie kisu kimoja, usitumie mwiko mmoja. Nikila farasi nafunga koo.' Akanionyesha mfuko wa koti lake. Mlikuwa na chupa ndogo ya dawa na sindano. Akasema, 'Likitokea lolote, hii hapa, paja la kulia au la kushoto, hata juu ya suruali.' Akanifundisha. Tukacheka."

"Kwa nini akufundishe wewe?"

"Angemfundisha nani? Wanaume wangemwimbia mpaka harusini."

"Nani alikata nyama yake?"

"Mimi, jikoni, kwa kisu changu. Nikaipeleka mlangoni, mama mkwe akaipokea."

Hapo ndipo Akmaral alipopotezea siku nzima ya jana. Alikuwa amekamata visu vyote vya nyumba ile, akaamini kwamba kisu kimoja kilitoka kwa farasi kikaingia kwa ng'ombe. Lakini Yelaman aliimaliza sahani yake yote, akanywa chai, akatania watu, na ngozi yake haikuonyesha hata chunusi. Kisu kilikuwa njia isiyofika popote.

"Kisha?"

"Kisha nikasikia vishindo. Nikachungulia, nikamwona kasimama, uso umemwiva, anaonyesha kidole upande wa ukumbi, kwenye makoti. Nikajua. Nikalikimbilia koti. Nilipofika mlangoni nikazuiwa."

"Na nani?"

Marzhan alishusha macho. Mkwe wa Kikazaki halitaji jina la baba wa mumewe, na hakuwa tayari kuanza siku ile.

"Yule mwenye nyumba," alisema. "Alisema dua haijasomwa, wanawake wasiingie. Nikangoja, dada. Nilingoja mlangoni na dawa mkononi mpaka wakasema amina."

"Kwa nini hukuyasema haya jana?"

"Niliyasema. Askari aliyekuwa anaandika alicheka, akaweka kalamu chini."

Akmaral aliinuka. Alimkuta askari huyo kwenye kaunta akibandua maganda ya mbegu za alizeti kwa meno. Alimwambia aende dukani, kwa pesa yake mwenyewe, akanunue kitambaa safi na chai ya moto, avipeleke kwa mama yule, na akirudi ayaandike upya maelezo yote, neno kwa neno, bila kucheka. Askari aliutazama uso wake, akaenda bila hata kuvaa glavu.

Daktari wa maiti pale hospitali ya wilaya aliitwa Ninel Pak, Mkorea aliyezaliwa mtaa wa reli, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mvuta sigara.

"Kanali wako kanipigia simu," alisema alipomwona Akmaral. "Ananiambia babu zake walikula farasi miaka elfu. Nikamwambia, afande, koo la marehemu halijui babu saba. Limeona protini lisiyoipenda, likafunga. Mama yake kaniletea karatasi za hospitali ya Karaganda. Tangu utoto akigusa farasi anavimba mikono, na baadaye na nyama yake ikawa hivyo hivyo. Wengine huanza kwa manyoya, wakaishia mezani."

"Lakini watoto wanapewa. Madaktari wanaiagiza."

"Kwa sababu wengi haiwadhuru. Wengi, Akmaral. Mimi huwa nawapokea hapa wale wasiohesabiwa kwenye wengi."

"Na sindano ya Marzhan?"

"Adrenalini, ndiyo dawa yenyewe. Kipimo sawa, mahali sawa. Hakuna sumu yoyote mwilini. Ingemwingia mapema kidogo, angekuwa nyumbani anasahihisha madaftari ya watoto." Daktari aliwasha sigara, akakumbuka yuko wapi, akaizima. "Huyo mnayemfungia ndiye mtu pekee aliyejaribu kumsaidia. Hongereni sana."

Alifunua shuka. Akmaral alijilazimisha kutazama kwa macho ya kazi.

"Anza na mikono," alisema Pak. "Alikula kwa uma. Vidole ni safi, hata chini ya kucha. Sasa panda juu. Nilipompokea alikuwa na mafuta hapa pembeni mwa mdomo, yakapanda shavuni, yakafika mpaka pembe ya pua. Mengine yamekaa kwenye ukosi wa shati. Na kwenye umio nimetoa kipande cha nyama ambacho hakikutafunwa. Kimemezwa kizima, kama mtoto anavyomeza kidonge kichungu."

"Nyama gani?"

"Maabara ya mkoa itajibu. Wiki ijayo, wakijisikia."

"Jioni ya leo ndiyo mwisho wangu, daktari."

"Basi fanya kama bibi yako alivyofanya."

Walitoka na shati hadi ukumbi wa nyuma, usio na bomba la joto, ambako ndoo za maji zilikuwa zinaanza kufanya ngozi ya barafu. Akmaral alikuwa na vichupa viwili vya mafuta alivyovichukua jikoni kwa Kabdesh, kimoja kutoka sufuria ndogo, kingine kutoka kubwa. Alipaka kila kimoja kwenye kipande chake cha kitambaa, akaviweka juu ya dirisha kando ya ukosi. Wakasimama wakipuliza vidole.

Mafuta ya ng'ombe yaligeuka meupe, yakakakamaa. Ukiyakwaruza kwa ukucha yalibanduka kama nta ya mshumaa. Mafuta ya farasi yalibaki laini, ya manjano, yanateleza kama marhamu. Kila mwanamke aliyewahi kuosha vyombo baada ya karamu anaijua tofauti hiyo kwa ngozi ya mikono yake: masinia ya kondoo na ng'ombe yanataka maji ya moto sana, sinia la farasi linakubali hata vuguvugu.

Akmaral aliweka kidole kwenye ukosi wa shati la Yelaman. Kiliteleza. Kikatoka na manjano.

"Farasi," alisema.

"Mahakamani hutafika na kidole," alisema Pak. "Ila nyumbani kwa Kabdesh kinaweza kukufikisha."

Akmaral aliendelea kuutazama ukosi. Mtu ana uma mkononi na vidole safi, lakini uso umepakwa mafuta mpaka puani. Hajajipaka. Amepakwa na mkono mwingine, mkono mkubwa ulioshika tonge kubwa kuliko kinywa. Na ni nani, kwenye meza ya Wakazaki, anayemlisha mwanaume mzima mwenye ndevu?

Alijishika paji la uso.

Alikuwa amewauliza wote, mmoja mmoja, swali lile lile: Yelaman alikula nini? Na wote, wakimtazama machoni, walimjibu jibu moja: alikula kwenye sahani yake tu. Alikuwa amezitafuta dalili za uongo kwenye nyuso zao, asizipate, kwa sababu hawakuhisi kwamba wanadanganya. Mwisho wa nyama, mzee aliye mkubwa kuliko wote hukusanya yaliyobaki kwenye sinia, minofu midogo na mafuta, akafanya matonge kwa mkono wake, akawaita vijana mmoja mmoja wafungue vinywa. Ni baraka. Nani anaihesabu baraka kuwa chakula? Yeye mwenyewe, binti wa nyumba kama zile, aliyelishwa matonge hayo na babu yake mpaka mashavu yakamwiva, hakukumbuka kuuliza.

"Daktari," alisema, "mimi ni mjinga."

"Leo tu, au kwa jumla?"

Lakini Akmaral alikuwa ameshafika kwenye gari.

Nyumbani kwa Kabdesh wanaume walikuwa wameketi kuzunguka meza fupi, juu ya magodoro ya kukalia, kwenye chumba kile kile. Kabdesh mwenyewe, mnene, mwenye mikono isiyotoka oili. Talgat, mwanawe, mume wa Marzhan, macho mekundu, akimpakata mtoto vibaya, kichwa chini kuliko miguu. Na mahali pa heshima, mbali na mlango, kaka mkubwa wa Kabdesh, Mzee Kozhabai, aliyekuwa zamani bwana wa makundi ya farasi wa shamba la serikali, kifua kipana, mkono kama koleo. Mwisho wa meza, kando ya birika kubwa la chai, alikuwa Kulyash, mke wa Kabdesh, akimimina.

"Karibu, binti," alisema Kozhabai. "Keti, unywe chai. Wewe ni wa ukoo gani?"

"Ukoo wa polisi, mzee wangu."

Kabdesh alicheka kwa pua. Mtoto alianza kulia. Talgat alimgeuza upande mwingine, akalia zaidi. Kulyash alinyoosha mikono akamchukua, akamlaza begani, akaendelea kumimina kwa mkono mmoja.

"Nina swali dogo nililosahau jana," alisema Akmaral. Hakufungua mkoba. Alichukua andazi, akalimega, kama mtu aliyekuja kupumzika. "Kaka Kabdesh, siku ile mzee aligawa matonge?"

"Aligawa, kwani vipi? Karamu gani haina tonge?"

"Vijana wote walipata?"

"Wote. Talgat alipata, wa jirani wakapata, Yel..."

Kabdesh alifunga mdomo. Alichelewa.

"Yelaman alipata," alimalizia Akmaral.

Kozhabai aliweka bakuli lake chini bila haraka. "Alipata. Kijana anakuja kuchukua binti yetu, nimnyime baraka? Nilichukua kwenye sahani yake mwenyewe. Nyama yake ya ng'ombe. Nilijua anavyojidekeza."

"Sahani yake ilikuwa imeshaondoka, mzee. Ilirudi jikoni tupu kabla ya matonge. Kaka Kabdesh aliniambia jana, na maelezo yana sahihi yake."

"Basi ilibaki minofu kidogo pembeni. Mnakumbuka?" Mzee aliwatazama wenzake. "Ilibaki."

"Ilibaki," alisema Kabdesh.

"Talgat?"

Talgat aliyatazama maua ya zulia. "Baba mkubwa kasema ilibaki."

"Sikukuuliza baba mkubwa kasema nini. Nimekuuliza uliona nini."

"Ilibaki," alisema Talgat, kwa sauti ambayo hata mtoto begani pale hangeiamini.

Akmaral aliliweka andazi.

"Nisikilizeni," alisema, na sauti yake ilianza chini. "Mkeo, Talgat, amekaa kwenye saruji. Maziwa yanamtoka yanalowesha shali, na mtoto wake yuko hapa analia njaa. Jioni hii atapelekwa kwa mwendesha mashtaka kwa kumuua mtu ambaye alikimbia kumwokoa. Amemuulizia mtoto, kaletewa uji. Hajamlaumu mtu yeyote wa nyumba hii. Hata jina la baba yako hajalitamka, kwa adabu mliyomfundisha ninyi! Na ninyi mmekaa mnakunywa chai, mnaniambia ilibaki."

"Punguza sauti, binti," alisema Kozhabai. "Uko mbele ya wakubwa."

"Shati la Yelaman lina mafuta ya farasi kwenye ukosi, mzee wangu. Nimeyashika kwa kidole hiki. Uso wake ulipakwa mpaka puani, na vidole vyake ni safi. Ulitumia mkono huu hapa. Nataka kujua jambo moja tu. Alikuambia hawezi?"

"Vijana wa siku hizi wote hawawezi!" Mzee alipiga goti. "Huyu hawezi maziwa, huyu hawezi unga, huyu hawezi baridi. Nimelea farasi maisha yangu yote. Tumekula farasi njaa ilipotufuta nusu, ndiye aliyetuvusha. Wagonjwa wa kifua walipewa farasi wakainuka. Mtoto wa siku moja ukimpa farasi hadhuriki. Leo unakuja na kidole chako kuniambia farasi kaua Mkazaki? Kauawa na sindano! Muulize yeyote. Hapa hakuna aliyeona jingine."

Bomba la birika lilidondosha tone moja, na jingine.

"Mimi niliona," alisema Kulyash.

Kabdesh aligeuka kama aliyechomwa. "Mama Talgat."

"Mama Talgat nini? Nilikuwa nimekaa hapa hapa nilipo, birika hili hili. Huwa mnanisahau kwa sababu namimina." Alimhamisha mtoto bega la pili. "Tonge lilikuwa la sinia kubwa. Ulichukua kazy, shemeji, duara zima la soseji ya ubavu wa farasi, ukalifunika kwa tambi lisionekane, ukakonyeza watu. Ukasema, 'Njoo, mkwe, leo nakutoa ugonjwa.' Akasema, 'Mzee, nihurumie, hiyo kwangu ni kifo.' Wakacheka wote. Ukasema, 'Kama huwezi kula kwetu, utaoaje kwetu?' Akatazama mlangoni. Mwanangu Sholpan, mchumba wake, alikuwa amesimama pale na taulo, anamtazama. Ndipo akafungua kinywa."

"Mwanamke..."

"Sijamaliza. Akameza bila kutafuna. Punde akaanza kujikuna shingo. Akainuka, anaonyesha makoti. Na wewe, baba Talgat, ukamshika mabega ukamkalisha. Ukamwambia, 'Usitoke kabla ya dua, utatukosesha baraka.' Marzhan akaja mbio na koti. Ukamsukuma. Dua ikasomwa, ndefu, ya mvua na ya majani na ya mifugo, na yule mtoto wa watu anakoroma pembeni yangu, mnadhani anakohoa. Mimi nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu mkubwa alikuwa anaomba."

Kabdesh alikuwa ameweka viganja vyake vyenye oili juu ya uso. Kutoka nyuma ya viganja sauti ilisikika, ndogo, haifanani na mwili ule: "Nilidhani anataka kuondoka. Wallahi nilidhani kakasirika anataka kuondoka."

Talgat aliinuka nusu, akakaa. "Ni kweli, Kapteni," alisema. "Ilikuwa kazy. Nilikuwa karibu naye. Andika jina langu kwanza, kabla ya la mama."

Akmaral alitoa simu. Aliongea akiwa pale pale, mbele yao wote.

"Sajini, mimi Dosova. Hati ya kumshikilia Marzhan ina sahihi yangu, na sasa hivi naifuta. Mtoe. Mpe gari, na kiti cha mbele, aje nyumbani kwa mtoto wake. Ndiyo, sasa. Kanali? Mwambie Kanali nina mashahidi wawili, na wa tatu yuko njiani kuacha kulia. Mwambie pia jalada lake alisubirishe, lina majina mengine ya kuingia." Alisikiliza. "Acheke tu. Wewe mtoe."

Alikata simu, akafungua mkoba, akatoa karatasi za maelezo.

"Mzee Kozhabai, utakuja nami. Na wewe, kaka Kabdesh. Hakuna pingu, ikiwa hakuna vurugu."

"Mimi?" Mzee alimtazama kama aliyesikia lugha ngeni. "Binti, mimi nimewalisha baraka watoto wa nusu ya mji huu. Waliokuoza wewe, kama umeolewa, nimewalisha. Sikuwa na nia mbaya na kijana yule. Nilimpenda. Nilitaka awe mtu kama watu!"

"Naamini, mzee wangu. Nitaandika hivyo hivyo. Na nitaandika kwamba alikuambia ni kifo, ukacheka."

Kozhabai alipumua kwa nguvu, akatazama huku na huku akitafuta jicho la kumuunga mkono. Kabdesh hakuondoa viganja usoni. Talgat alimtazama moja kwa moja, labda kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Basi mzee akafanya kile ambacho mkubwa hufanya pale neno lake linapokosa pa kukaa: alijiweka sawa kwenye godoro, akasukuma bakuli lake mbele kwa vidole viwili.

"Sawa," alisema. "Sawa. Tutazungumza kama watu. Shemeji, niongezee chai. Binti atangoja. Hakuna anayemtoa mzee nyumbani kwa ndugu yake kabla hajanywa chai."

Akmaral alitaka kusema kitu, akamwona Kulyash amelichukua bakuli, akaziweka karatasi chini.

Katika nyumba za watu wale chai hutiwa kidogo, chini ya nusu ya bakuli, ili mgeni aombe tena na mwenyeji ammiminie tena. Ndivyo mtu anavyoambiwa kwamba bado anatakiwa. Anayejaziwa bakuli ameambiwa anywe aende zake, na hakuna anayejaziwa kwa bahati mbaya.

Kulyash alimlaza mtoto kwenye mapaja yake. Alitia maziwa. Alitia majani yaliyokolea. Kisha akafungua bomba la birika na hakulifunga. Maji yalipita nusu, yakapita ua la bluu lililochorwa ubavuni mwa bakuli, yakapanda mpaka ukingoni, yakavimba kidogo juu ya ukingo na kutulia. Ndipo alipofunga. Alilishika bakuli kwa mikono miwili, kwa heshima yote anayostahili kaka wa mumewe, akalipitisha juu ya meza bila kumwaga hata tone, akaliweka mbele ya Kozhabai.

"Kunywa, shemeji," alisema.

Mzee alilitazama bakuli kwa muda mrefu. Hakuligusa. Akaweka mkono wake mkubwa juu ya zulia, akajiinua.